Mama Seon-u, Mkia wa Msafara

Watu wa klabu yetu ya kupanda milima wana maneno, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo nayajua yote. Baba Seon-u alipozikwa, mwezi wa nne, walisema mkewe hakutoa hata chozi. Walisema alipita meza kwa meza kwenye ukumbi wa msiba akiuliza kama supu imetosha, kama wali umetosha, utadhani ni arusi ya jirani. Shangazi wa marehemu alimfinya mkono ili alie, maana mjane asiyelia anautia aibu ukoo mzima. Mama Seon-u aliutazama ule mkono kana kwamba si wake, kisha akaenda kuongeza kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, mezani.

Jina lake hasa ni Pyo Geum-rye, lakini tangu amzae Seon-u, mwanawe wa pekee, hakuna anayemwita hivyo isipokuwa benki. Amepika maisha yake yote kwenye jiko la shule ya msingi hapa Cheongju, kwenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea, na mikono yake ni mipana na myekundu kwa sababu hiyo. Si mwongeaji. Mwongeaji alikuwa mumewe.

Baba Seon-u alikuwa mkia wetu. Kila klabu ya mlima ina kiongozi wa mbele, ambaye anapenda kupigwa picha, na ina mkia, ambaye anatembea nyuma ya mtu wa mwisho kabisa. Mkia hampiti mtu. Ukiinama kufunga kamba za viatu, naye anasimama. Ukijitenga kichakani, anageuka upande wa pili na kupiga mluzi ili ujue yupo. Basi haliondoki mpaka mkia apande. Ni kazi ya mtu asiye na haraka, na Baba Seon-u hakuwahi kuwa na haraka hata siku moja, mpaka mkewe akawa anamwambia kwamba hata kifo kitachoka kumngoja. Akaugua kongosho, na mambo yakaisha kwa miezi michache tu.

Tulidhani hatutamwona tena mkewe. Jumapili ya mwezi uliofuata alikuwa kituoni kabla hata basi halijafika, amevaa koti la mumewe la rangi ya machungwa linalomfika magotini. Mwenyekiti alianza kutafuta maneno ya kumpa pole. Yeye akasema tu kwamba atakuwa mkia. Nani angekataa?

Sasa mtu wa mwisho kabisa, kwa sababu ya magoti yangu mabovu, ni mimi. Kwa hiyo tangu mwezi wa tano nimetembea mbele yake, na nimezungumza kwa ajili yetu sote wawili. Sitaficha kwamba alinikera. Ukimweleza jambo la kuchekesha anasema ndiyo. Ukimweleza jambo la kusikitisha anasema ndiyo. Kiangazi, nyuki alimuuma shingoni, mimi ndiye niliyepiga kelele. Alikuwa amekufa ganzi, yule mama, nami kwa ujinga wangu nilidhani ni kiburi.

Jumapili ya kwanza ya Desemba tulikwenda mlima Sobaek. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka usiku wa kuamkia juzi yake. Theluji ya Januari mimi siiogopi, ni nene na mtu anajua anakanyaga nini. Ninayoiogopa ni hii ya mwanzo, nyembamba, imelalia majani ya mwaloni yaliyolowa, na chini yake kuna barafu ambayo huioni mpaka uwe umeshakaa chini. Ndani ya basi tulipewa mikate ya mchele ya moto na machenza, mwenyekiti akatutangazia kwamba upepo huko juu ni mkali, na watu wakacheka, kwa sababu Sobaek bila upepo si Sobaek.

Juu hatukukaa. Upepo wa pale haukusukumi, unakuchuna. Tulipiga picha kwenye jiwe la kilele huku tumeshikana viuno, tukateremka hadi kwenye kibanda cha kujikinga, tukala tambi kwa mikono inayotetemeka, tukaanza safari ya kurudi. Wenzetu walitangulia kwa sababu chini walikuwa wanangojewa na mchuzi wa tofu ya soya na pombe ya mchele. Mimi nikafuata kwa magoti yangu, na Mama Seon-u nyuma yangu.

Lazima niseme jambo moja ambalo hapa kwetu kila mtu analifanya na hakuna anayelionea haya. Ukiwa unashuka, anayepanda akikuuliza kumebaki kiasi gani, unamwambia amefika. Dakika kumi tu. Hata kama ni saa mbili. Naye anajua unamdanganya, na wakati wa kushuka kwake atamdanganya mwenzake. Ni namna ya kumtia mtu moyo. Mimi mwenyewe nimepanda nusu ya milima ya nchi hii kwa dakika kumi kumi za watu.

Basi, katikati ya msitu tulimkuta mwanamume anapanda peke yake. Wa umri wetu, amenyolewa vizuri, ana mfuko mweusi wa plastiki mkononi, na viatu vya kuendea kazini. Alikuwa anahema. Alituinamia kwa heshima akauliza kama kilele bado kiko mbali.

"Umefika, kaka," Mama Seon-u akamwambia. "Bado dakika kumi. Jikaze."

Akashukuru, akaendelea. Mimi hata sikugeuka, nilikuwa na yangu ya kuwaza, tofu ikiwa mojawapo.

Tulitembea kwa muda mrefu. Tulipofika kwenye daraja la mbao juu ya kijito nilisikia kimya nyuma yangu. Nimeshazoea hatua zake, kwa hiyo kimya chake kilinishtua. Nilipogeuka, alikuwa amesimama katikati ya daraja, anatazama juu tulikotoka.

Akauliza kama yule mtu alikuwa na glavu. Nikafikiri. Nikakumbuka vidole vimeshika mfuko mweusi, vidole vitupu. Nikamwambia hakuwa nazo. Akauliza kama nimemwona akishuka. Nikamwambia angeshukaje wakati bado hajafika, kutoka pale hadi kileleni ni zaidi ya saa nzima kwa mtu mwenye viatu vya maana. Ndipo nilipotambua nilichosema.

"Nimemwambia dakika kumi," akasema.

"Dada, kila mtu anasema dakika kumi."

"Mtu anayejua kumebaki saa nzima angegeuka. Saa hizi? Kwa viatu vile? Angegeuka."

Nikampigia mwenyekiti. Alikuwa ameshafika mkahawani, nilisikia vijiko. Akafoka kwamba tusithubutu kurudi juu, jua linazama mapema, yeye atawaita waokoaji. Baada ya muda mfupi akapiga tena: waokoaji wanakuja, lakini wako upande wa pili wa mlima na mtu aliyevunjika mguu, kwa hiyo watachelewa. Akasisitiza tushuke. Akasema yule mtu si wa klabu yetu. Nikayarudia maneno hayo kwa Mama Seon-u, kwa sababu, nisijifanye shujaa, na mimi nilikuwa nayaafiki.

"Yuko nyuma yangu," akasema. Akaanza kupanda.

Ningefanya nini? Nilimtukana kimoyomoyo yeye, na mwenyekiti, na magoti yangu, nikamfuata. Tulivaa vyuma vya barafu, vile vyenye meno, kwenye buti na taa za kichwani tukaziweka tayari. Kwa mara ya kwanza yeye alikuwa mbele na mimi nyuma. Na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne akazungumza, bila kugeuka, kwa sauti ileile anayotumia kusema chumvi imezidi.

Alisema daktari alimwita yeye kwanza, kama kawaida, familia inaambiwa kabla ya mgonjwa. Akaambiwa ni wiki chache. Akaomba mumewe asiambiwe, na daktari akakubali. Alipoingia chumbani, Baba Seon-u akamuuliza kumebaki kiasi gani. Akamwambia amefika, kidogo tu, ajikaze, atarudi nyumbani. Baba Seon-u akafurahi. Akasema basi wamwite Seon-u aje angalau siku mbili, amkumbuke uso. Seon-u anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyaya huko Vietnam. Mama Seon-u akamwambia mumewe asimsumbue mtoto, atakuja sikukuu ya mavuno, wewe ukiwa umeshapona. Na mtoto alipopiga simu kutaka kuja, akamwambia baba anaendelea vizuri, maliza kazi zako kwanza.

"Kila siku alikuwa ananiuliza, Seon-u kapiga? Seon-u anasemaje?" akasema. "Kila siku namwambia, bado kidogo."

Mimi nilimwona Seon-u siku ya msiba. Alifika na begi lake la safari wakati picha ya baba yake imeshawekwa katikati ya maua. Alipiga kichwa sakafuni akiomba radhi kwamba amechelewa. Wajomba zake walimsema pale pale, kwamba pesa imemtoa utu. Mama yake alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka hapo. Sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini hakumtetea.

Nikamuuliza Seon-u anasemaje sasa. Akasema anapiga kila Jumapili jioni. Kila Jumapili anaomba radhi kwa kuchelewa, naye anamwambia haidhuru.

Nikaendelea kupanda nyuma yake, nikikanyaga pale alipokanyaga.

Mwanga ulikuwa umeshaanza kupungua tulipotoka msituni na kufika kwenye ngazi za mbao, mahali ambapo upepo unaanza tena. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi, mgongo ameegemeza nguzo, mfuko mweusi kando. Ndani yake kulikuwa na chupa ya pombe ya mchele ambayo hakuwa ameifungua, na samaki mkavu. Alikuwa hatetemeki, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka si dalili njema. Alitutazama kama mtu aliyeamshwa. Akasema anapumzika kidogo tu, halafu atamalizia, maana ameambiwa ni dakika kumi.

"Nilikudanganya," Mama Seon-u akamwambia. "Mimi ndiye niliyekuambia. Hujafika, na leo hufiki. Simama tushuke."

Akajibu kwa adabu sana kwamba tutangulie.

Sasa Mama Seon-u akafanya jambo ambalo watu wazima wasiofahamiana hawalifanyi. Alifungua koti la marehemu mumewe, akafungua na sweta, akaichukua mikono ya yule mwanamume na kuisokomeza kwapani mwake, huku na huku, akaibana. Niliona uso wake ukijikunja kwa ule ubaridi. Mimi nikamnywesha chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, nusu ikamwagika kwenye kola yake. Nikamvisha skafu yangu, na soksi zangu za akiba nikazifanya glavu. Baada ya muda alianza kutetemeka, tena vibaya, meno yanagongana, nami nikamshukuru Mungu kwa kila mgongano. Vyuma vyake vya barafu Mama Seon-u alivivua akamfunga yule mtu kwenye vile viatu vyake vya ofisini. Yeye mwenyewe akabaki na buti tupu.

Tukashuka. Mimi mbele na taa, yeye katikati, Mama Seon-u nyuma amemshika mkanda. Ili asisinzie tulimhoji. Aliitwa Bwana Bok. Alikuwa amestaafu mwezi huo huo kutoka ofisi ya maji. Kila mtu alimwambia mlima ndio dawa ya wastaafu, lakini marafiki zake wana mapafu ya farasi, na aliona haya kubaki nyuma mbele yao. Akaamua kuja kufanya mazoezi peke yake, kimyakimya, bila kumuaga hata binti anayeishi naye. Nilimwambia kwamba kwetu kuna watu tumebaki nyuma miaka yote na hatujafa. Akacheka kidogo, nikajisikia mtu.

Lakini alikuwa anauliza. Kila baada ya muda mfupi anauliza kama tumefika, kama mtoto. Mara ya kwanza neno lilinijia lenyewe mdomoni, nikafungua kinywa kumwambia bado kidogo tu.

"Mbali," Mama Seon-u akasema kutoka nyuma. "Bado mbali sana. Utachoka zaidi ya hivi."

Nilidhani atakaa chini na kukata tamaa. Hakukaa. Aliuliza tena kwenye miamba, akajibiwa mbali. Aliuliza kwenye mteremko wa majani, ambako Mama Seon-u aliteleza kwa zile buti tupu akaanguka kwa nyonga na kuinuka, akajibiwa bado mbali, lakini nusu imekwisha. Nikaona kwamba ile nusu aliipokea vizuri kuliko ambavyo angezipokea dakika kumi zozote. Alikuwa anajua alipo. Aliacha kuuliza, akaanza kupanga hatua zake mwenyewe.

Waokoaji walitukuta chini kidogo ya daraja, vijana watatu wenye machela. Bwana Bok akakataa machela. Wakamfunga blanketi linalong'aa, wakamshika makwapa, tukamalizia hivyo.

Basi lilikuwa halijaondoka. Klabu nzima ilikuwa mkahawani, wamevua viatu mlangoni na kukaa kwenye sakafu inayopashwa joto, hakuna aliyekunywa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mwenyekiti alinisema kwa muda mrefu kisha akanikumbatia. Bwana Bok aliketishwa karibu na jiko, waokoaji wakampima, wakasema vidole vitapona, gari la kumpeleka hospitali liko njiani. Mama Seon-u aliketi akimkabili, bakuli lake mwenyewe la mchuzi wa tofu hajaligusa. Watu walimsifu. Akawaambia waache, yeye ndiye aliyempeleka mtu kule. Wakadhani ni unyenyekevu wakazidi kumsifu.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia msichana wa miaka kama thelathini, amevaa koti juu ya nguo za kulalia, mguuni kandambili. Waokoaji walikuwa wamempigia, naye ameendesha gari kutoka Jecheon hivyo hivyo. Hakuvua hata zile kandambili. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa baba yake, akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku, akamgeuza huku, kisha akaanza kumpiga mabegani kwa ngumi huku analia, akimwita mzee mjinga. Bwana Bok alikuwa anasema samahani, samahani Na-rae, na ananyoosha mkono wake mwekundu uliovimba kumfuta machozi.

Mwenyekiti akamwonyesha yule binti nani wa kumshukuru. Na-rae akapiga magoti mbele ya Mama Seon-u, akainamisha kichwa mpaka sakafuni. Mama Seon-u alimtazama pale chini kwa muda mrefu mno, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Umewahi," akamwambia. "Umewahi, mwanangu."

Binti hakuelewa, akaendelea kushukuru. Mama Seon-u akainuka, akapita katikati yetu, akatoka nje na soksi tupu.

Nilichukua viatu vyake nikamfuata. Alikuwa amesimama kando ya basi, kwenye theluji, simu sikioni. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Nilisikia ikiita, kisha sauti ya kiume ikapokea na kuanza yale maneno ambayo sasa nilikuwa nayajua, kwamba amesahau kupiga mapema, kwamba amsamehe, daima anachelewa.

"Seon-u," akasema. "Hukuchelewa. Mimi ndiye niliyekuchelewesha. Baba yako alikuulizia kila siku, nami nilijua anakufa, nikawaficha wote wawili."

Nikaogopa kwamba mtoto amekata simu. Nikaviweka viatu miguuni pake, akavikanyaga bila kuviangalia. Kisha nikasikia, kutoka kwenye kile kisimu, mwanamume mzima analia kwa sauti, na Mama Seon-u, uso wake wote umelowa, anamwambia alie tu, alie mpaka amalize, yeye yupo, hakati.